Fizio wa Kuzunguka Kitale na Bungoma: Anzia Hapa

Kwanza makaratasi. Diploma ya KMTC huchukua miaka 3, kisha unasajiliwa na baraza la mafizio lililoundwa na sheria ya 2014. Bila leseni, usiguse mgongo wa mtu.

Soko liko. Mzee aliyepigwa na stroke Kiminini, msee wa nduthi aliyevunjika mguu Webuye: kupanda mat kila wiki ni noma, so wengi huacha mazoezi na viungo vinakakamaa. Hapo ndio unaingia.

Panga siku kwa barabara: leo Kitale hadi Kamukuywa, kesho Webuye hadi Bungoma. Taja bei mapema, fare ikiwa ndani. Na umfunze mtu wa nyumbani mazoezi. Wewe utarudi wiki ijayo, yeye yuko kila siku.