Baada ya kinyama cha utumbo kuondolewa, tarehe ya kurudi isipuuzwe

Kuondolewa kwa polipu, yaani kinyama kinachoota ndani ya utumbo mpana, si mwisho wa matibabu. Vinyama vya aina ya adenoma huweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi, na aliyewahi kuota kimoja huweza kuota kingine. Kwa hivyo, mgonjwa huhitaji kuchunguzwa tena kwa kolonoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa.

Muda wa kurudi hutegemea ripoti ya maabara. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza hivi:

- Adenoma 1 au 2 zisizofikia milimita 10: baada ya miaka 7 hadi 10.
- Adenoma 3 au 4 za ukubwa huo: miaka 3 hadi 5.
- Adenoma 5 hadi 10, au yoyote iliyofikia milimita 10: miaka 3.
- Zaidi ya adenoma 10: mwaka 1.
- Kinyama cha milimita 20 au zaidi kilichokatwa vipande vipande: miezi 6.

Daktari huweza kufupisha muda huo iwapo utumbo haukusafishwa vyema au jamaa wa karibu aliugua saratani hiyo.

Kwa wakazi wa ufuo wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, kuna jambo jingine la kuzingatia. Kichocho cha tumbo, kinachoambukizwa kupitia maji yenye konokono, kimeenea huko, hasa miongoni mwa wavuvi. Nacho husababisha damu kwenye kinyesi, na mayai ya minyoo yake huweza kuzusha vinyama utumboni. Hivyo si adenoma, na ugonjwa wenyewe hutibiwa kwa prazikwanteli. Hatari ni kwamba aliyetolewa adenoma akiona damu huenda akameza dawa ya kichocho na kuusahau uchunguzi.

Mgonjwa kutoka Mbita au Bondo aliyetibiwa Kisumu yafaa atunze nakala ya ripoti ya kamera na ya maabara, kwani zahanati ya nyumbani huenda isiwe nazo.

Akitokwa na damu nyingi, akiumwa sana na tumbo au kupata homa katika wiki 2 za kwanza, aende hospitalini mara moja. Baadaye, damu kwenye kinyesi, kukonda bila sababu au mabadiliko ya choo yasiyokwisha yasingojee tarehe.