Uzamili wa Uhasibu kwa Njia ya Mtandao: Baada ya Ithibati, Nini?

Mhasibu wa Dodoma au Mwanza anayetaka kusoma shahada ya uzamili bila kuacha kazi huambiwa kwanza aangalie kama chuo kina ithibati. Ushauri huo ni wa kweli, ila katika taaluma ya uhasibu unaishia njiani.

Ithibati yenyewe huweza kughushiwa. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Karachi ilivyoendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwapo, pamoja na vyombo vya kubuni vya kuvipa ithibati. La kuuliza, basi, ni nani aliyeitoa, na nani anayemtambua huyo aliyeitoa. Chombo halisi nacho huweza kuanguka: ACICS ya Marekani ilinyang'anywa utambuzi na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo mwaka 2022, na vyuo vilivyoitegemea vikalazimika kutafuta chombo kingine. Kwa Mtanzania, mwenye kauli juu ya tuzo ya nje ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ni heri kuiuliza kabla ya kulipa ada.

Chuo kikishathibitika, linabaki swali ambalo wengi hawaliulizi: kinafundisha uhasibu wa nchi gani? Programu nyingi za Marekani zimejengwa kufuata masharti ya CPA, leseni ya uhasibu ya majimbo ya huko. Kwa miaka mingi majimbo hayo yamedai krediti 150, ilhali shahada ya kwanza hutoa takriban 120, na uzamili ni njia mojawapo ya kuziba pengo. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kodi za serikali kuu ya Marekani na viwango vya US GAAP, wakati Tanzania imekuwa ikifuata viwango vya kimataifa, IFRS, tangu Julai 2004. Chukua ghala la muuza saruji wakati bei zinapanda. US GAAP inamruhusu kuhesabu kwamba mifuko iliyoingia mwisho ndiyo iliyouzwa kwanza. Gharama ya mauzo huvimba, faida ikapungua, na kodi nayo ikapungua. IAS 2, kiwango cha IFRS kuhusu bidhaa za ghalani, inakataza njia hiyo kabisa. Mhitimu aliyeizoea atakwama siku ya kwanza mbele ya mkaguzi wa hapa.

Muhuri wa AACSB, ambao nauheshimu, hauondoi tatizo hili. Shirika hilo hutoa ithibati ya shule ya biashara na, kando yake, ithibati ya uhasibu. Shule huweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Zote hupima ubora wa shule. Hazimwambii mwombaji kama mtaala utamfaa nyumbani.

Ndiyo maana nashikilia kwamba, kwa anayekusudia kufanya kazi Tanzania, programu isiyo na jina kubwa lakini inayotambuliwa na TCU na kufundisha IFRS ina faida zaidi kuliko ya chuo mashuhuri iliyoandaliwa kwa mtihani wa Marekani. Anayehamia huko ana hesabu nyingine. Tena, uzamili wa popote hauchukui nafasi ya CPA(T), ambayo hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Asiyekuwa nayo, na ambaye lengo lake ni kutia saini ripoti za ukaguzi, fedha zake aziweke kwanza kwenye mitihani ya Bodi. Uzamili unaweza kusubiri.