Kwa nini kliniki ya Kisesa iliuliza jina la balozi wako

Umefika kituo cha afya asubuhi, daftari umelisahau nyumbani. Dirishani unaulizwa jina, umri na mtaa. Unafunguliwa faili jipya, na historia yako ya matibabu inabaki kwenye lile la zamani.

Swali ni moja: kituo kitajuaje kuwa wewe wa leo ndiye yule aliyekuja mwaka jana? Watafiti walilifanyia kazi swali hilo hapa hapa kwetu, Kisesa wilayani Magu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya Musoma.

Taarifa zako zinakwenda wapi?

Tangu miaka ya 1990 vituo vya afya nchini vinatumia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni vile vitabu vikubwa unavyoviona mezani kwa nesi. Mgonjwa wa nje anaandikwa Kitabu cha 5, mjamzito Kitabu cha 6.

Kila mwezi hesabu zinajumlishwa na kuingizwa kwenye DHIS2. Hii ni programu ya kompyuta iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashiriki kuiweka katika mazingira ya Tanzania.

DHIS2 inasaidia kujua wagonjwa wa malaria ni wangapi na dawa zipelekwe wapi. Ila kinachopanda juu ni jumla, si mtu. Jumla haikwambii kama mama aliyepimwa Aprili alirudi Juni au aliishia njiani.

Vituo vya serikali vina pia GoTHoMIS, mfumo ulio chini ya TAMISEMI unaosajili mgonjwa mmoja mmoja kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa. Lakini hata kompyuta lazima imtambue mtu kwanza.

Shida iko kwenye majina

Nyumbani anaitwa Ng'washi, kliniki kaandikwa Mwashi, kwenye kadi ya kura ni Maria. Tarehe ya kuzaliwa inakadiriwa. Mvuvi leo yuko Kisesa, mwezi ujao yuko kambini Ukerewe.

Halafu kuna mapacha. Kulwa na Doto wakiwa wote wasichana, wana jina moja la baba, tarehe moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja na kaya moja. Karani akikosea jina la kwanza tu, majibu ya mmoja yanaingia kwa mwenzake.

Kisesa walifanyaje?

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, imekuwa ikiwafuatilia wakazi wa eneo hilo tangu 1994. Wadodosaji wanapita kaya kwa kaya wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kumekuwa pia na awamu za upimaji wa VVU.

Kwa hiyo kulikuwa na rekodi za kaya upande mmoja na mafaili ya kliniki upande mwingine. Watu ni wale wale, ila rekodi hazikuwa zinakutana.

Mwaka 2015 NIMR na wenzao wa chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London walianza kuziunganisha mgonjwa mwenyewe akiwepo, katika Kituo cha Afya Kisesa. Mgonjwa akikubali, alikaa na mtafiti mwenye kompyuta. Aliulizwa majina yake, kijiji, kitongoji, jina la mtu anayeishi naye na jina la balozi wake wa nyumba kumi.

Kompyuta ilileta orodha ya watu wanaofanana na maelezo hayo, kisha mgonjwa akasaidia kuthibitisha yeye ni yupi. Jina lako linaweza kuandikwa kwa namna tatu, ila wanaofanana nawe kwa jina, kitongoji na balozi ni wachache sana.

Ilisaidia nini?

Rekodi zilipounganishwa ilionekana kuwa baadhi ya watu waliomwambia mdodosaji hawajawahi kupima VVU walikuwa tayari na rekodi kliniki. Ukitegemea mdomo pekee, unaweza kudhani wanaojua hali zao ni wachache kuliko ukweli, na mipango ya huduma ikakosea.

Hapo hapo kuna hatari. Kama mtu alificha, alikuwa na sababu zake, na rekodi zilizounganishwa zikivuja zinamuumiza yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo una haki ya kuuliza zinatumika kwa kazi gani.

Wewe ufanye nini?

• Tumia majina yale yale kila unapokwenda, ikiwezekana yaliyo kwenye kitambulisho chako.
• Piga picha namba ya faili au kadi ya kliniki, uihifadhi kwenye simu yenye nywila.
• Soma jina lako likiandikwa. Likikosewa, sema pale pale.
• Ukihama, sema ulikuwa unatibiwa wapi.
• Mwenye mapacha, hakikisha kila mtoto ana kadi yake na jina kamili.
• Ukiombwa taarifa kwa ajili ya utafiti, uliza kwanza. Kukataa utafiti hakukunyimi matibabu.