Reli Itapita, Lakini Itasimama?

Wadau, kule Japani karibu nusu ya stesheni zote za treni hazina mfanyakazi hata mmoja. Hakuna mkatisha tiketi wala mpuliza filimbi. Kuna jukwaa, benchi na ratiba, basi. Treni inasimama, watu wanapanda, inaondoka.

Sisi wa Ngara na Biharamulo hata hiyo stesheni isiyo na mtu hatuna. Na si kwamba reli ya kupita kwetu haijawahi kupangwa.

Mjerumani alifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912. Mwaka 1914 akaanza tawi la Rwanda: litoke Tabora, lielekee kaskazini-magharibi hadi kwenye kona ya mto Kagera, yaani pande hizi za Rusumo. Vita Kuu ikazuka mwaka huohuo, kazi ikafa. Baada ya vita Rwanda ikawa ya Mbelgiji, na Mwingereza akaona bora reli iende Mwanza, kwenye ziwa na pamba. Ikafika huko mwaka 1928.

Matokeo yake, mzigo wa Rwanda unaokuja kwa treni unashushwa Isaka. Kutoka hapo ni malori: Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Hata mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, chakula chao kilipanda huku kwa malori.

Januari 2018 Rais Magufuli na Rais Kagame walikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali. Mpaka leo haijafika kwetu.

Sasa angalieni jambo moja. Mpango wa 1914 na wa 2018, yote miwili safari inaishia Rwanda. Sisi ni njia tu. Kontena halina haja ya kusimama Benaco. Mama mwenye mikungu yake ya ndizi anayo, na mwanafunzi anayerudi likizo pia. Tena mama lishe na wenye gesti wanaoishi kwa madereva wa malori, treni ikipita bila kusimama watamuuzia nani?

Kwa hiyo ramani ikitandikwa tena mezani, tusiulize tu reli itapita lini. Tuulize itasimama wapi. Jukwaa la zege na benchi, hata bila mhudumu, vinatosha kuanzia.

Au mnasemaje?