Panya wa Vellore

Sangailu, kata ya Kaunti ya Garissa, iko jirani na msitu wa Boni. Mvua ikishika, barabara za udongo hufungika. Mzee mwenye kisukari anayechomwa na mwiba uliopenya ndala zake huendelea kutembea, kwa kuwa mguu wake umeingia ganzi na hakuusikia. Kufikia siku watu wa nyumbani wanaponusa usaha, gharama ya kwanza ni nauli ya kwenda hospitali ya rufaa mjini Garissa, tena ya watu wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake.

Namna ya kutibu mguu wa aina hii kwa bei nafuu ilianza kujulikana kwa wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1946 Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, alirudi huko kufanya kazi Vellore. Watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Brand aliona kwamba ukoma huua mishipa ya fahamu, na mtu asiyesikia maumivu hukanyagia kidonda mpaka kifike mfupani. Lakini kulikuwa na fumbo: baadhi ya wagonjwa walilala na kidole kizima, wakaamka kimepungua. Wakakesha kuvizia, na mwizi akaonekana. Panya! Wagonjwa wakagawiwa paka. Sijapata kusikia tiba ya hospitali iliyo rahisi kuliko hiyo.

Vidonda vya nyayo navyo vilifungwa plasta ngumu iliyoukumbatia mguu ili uzito usambae, na mgonjwa asiweze kuivua akitaka kwenda sokoni. Miaka ya 1960 Brand alihamia Carville, Louisiana, Marekani, na huko plasta ya wakoma ikaingia kwenye miguu ya wenye kisukari, ambayo nayo huingia ganzi. Matajiri walijifunza kwa maskini, jambo lisilotokea mara nyingi. Lakini plasta haimfai kila mtu: mguu usiopata damu, au wenye usaha mwingi, ukifungiwa humo huharibika zaidi.

Panya walirudi tena kwenye habari hii Dar es Salaam. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu usingizini. Wakati huo Abbas alikuwa tayari katika mradi wa Step by Step, uliofundisha daktari na muuguzi wake pamoja, wawili wawili: kuchonga sugu, kusafisha kidonda mapema, kumfundisha mgonjwa kukagua nyayo zake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliokatwa miguu walipungua.

Mwaka huohuo madaktari wa Ipswich, Uingereza, walieleza kipimo kisichohitaji hata kifaa. Mgonjwa hufumba macho. Mwenzake humgusa taratibu, kwa ncha ya kidole, kwenye kidole gumba, cha katikati na cha mwisho cha kila mguu, bila kubonyeza. Miguso ni sita. Asiposikia miwili au zaidi, mguu umeingia ganzi, na kuanzia jioni hiyo nyayo hukaguliwa kabla ya kulala, na kiatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa. Huko Sangailu, mjukuu anaweza kumpima babu yake mkekani.