Upimaji wa kemikali hatari katika vifaa vya umeme

Upimaji wa kemikali hatari ni uchunguzi wa kimaabara unaoonyesha kama kifaa cha umeme kinatii mipaka ya sumu iliyowekwa na sheria. Katika Umoja wa Ulaya mipaka hiyo ilianza kutumika Julai 1, 2006 kwa vitu 6, vikiwamo risasi na zebaki. Ftalati 4, yaani kemikali za kulainisha plastiki, ziliongezwa baadaye. Kikomo ni asilimia 0.1 ya uzito, ila kadimiamu ni 0.01, tena katika kila malighafi moja moja, si katika kifaa kizima. Hapo ndipo nguvu ya sheria ilipo: tone la lehemu lenye risasi lingepotea kabisa katika uzito wa kompyuta.

Kipimo cha eksirei hutoa majibu haraka bila kuharibu sampuli, lakini huona kromi yote kwa jumla, wala hakitambui ile ya valensi sita iliyowekewa kikomo. Sampuli yenye shaka huhitaji uchambuzi wa kikemia. Wapo wanaosema hati za msambazaji zatosha, kwa kuwa upimaji ni ghali. Kweli, hakuna awezaye kupima kila skrubu. Lakini hati hueleza kilichokusudiwa, ilhali malighafi zaweza kubadilishwa kiwandani. Lehemu, rangi na plastiki laini za nyaya hazina budi kupimwa.