Hoja Iliyomkomboa Bibi wa Muleba

Katika nchi ya Wahaya, tangu Bukoba hata Muleba, kibanja si shamba tu. Migomba na mibuni huizunguka nyumba, na aghalabu wazee wa ukoo huzikwa papo hapo. Kwa hiyo mila iliilinda ardhi ya ukoo isiangukie mikononi mwa wageni. Lakini ulinzi huo haukuwalemea wote sawasawa. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, wala hazikumruhusu kuiuza.

Mwezi wa Agosti 1988 bibi mmoja, aliyeirithi ardhi ya namna hiyo kwa wosia wa baba yake, aliona kuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu ile, na shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, likiwa rufani namba 70 ya mwaka 1989.

Hukumu aliyoitoa Jaji James Mwalusanya mnamo Februari 1990 husomwa na wanafunzi wa sheria hata leo. Yafaa isomwe pia na kila mwanafunzi wa chuo kikuu ajifunzaye kuandika kwa ajili ya haki.

Hoja ya upande wa pili haikuwa dhaifu. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ilikwisha kusema kwamba, hata ikiona huruma, si kazi yake kuibadili mila. Mabadiliko na yatoke kwa wenye mila wenyewe. Jaji hakuificha hoja hiyo. Aliijibu kwa jambo ambalo mwaka ule halikuwapo: haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na ambazo mahakama zilianza kuzisimamia mwaka 1988. Tena sheria ya mwaka 1984 iliziagiza mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa namna itakayozipatanisha na Katiba.

Hitimisho lake ndilo la kutazamwa zaidi. Jaji hakuuvunja ukoo. Kwa mila, mwanamume alipouza ardhi ya ukoo, wenzake waliweza kuikomboa kwa kurudisha bei. Basi kanuni iyo hiyo, akasema, imhusu na mwanamke. Mauzo yakathibitishwa kuwa halali, naye mlalamikaji akapewa miezi 6 ya kuikomboa ardhi kwa shilingi zile zile 300,000.

Huruma ilikuwapo tangu mwaka 1968, wala haikumpa mwanamke yeyote ardhi. Kilichokosekana ni hoja: dai lililo wazi, ushahidi, jibu kwa mpinzani, na hitimisho lisilopita mipaka yake. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo kanuni za urithi hazikufutwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri jingine, ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzitangua. Kazi iliyobaki yawangoja wale wanaojifunza leo kuandika.